Kati ya Fildi na Kibarua: Mwanafunzi wa Sekondari Anapopelekwa Kazini

Juni iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu kwenye gereji ya pikipiki hapa Mtwara mjini. Yuko kidato cha tatu, ana miaka 16, na mkononi alishika barua ya shule yenye muhuri ambao wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Sisi wa kusini tunaofuata ukoo wa mama, mtoto akipelekwa mahali, mjomba ndiye anayetangulia kupiga hodi. Nikapiga hodi. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akaisoma barua mara mbili. Haikuwa ndefu: shule inamtambulisha kijana, inaomba apokewe kwa mafunzo kwa vitendo wiki nne za likizo, inatanguliza shukrani.

"Mjomba, kijana simkatai," akasema. "Ila humu hamjaniambia nimfundishe kitu gani. Akiungua na bomba la moshi, huo mzigo wangu au wa shule? Na mchana atakula kwa nani?"

Barua haikuwa na jibu la swali hata moja. Tulirudi nyumbani, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuulizia habari za mipango ya kuwapeleka wanafunzi wa sekondari kazini. Nimegundua kwamba yule fundi, bila kujua, aliuliza maswali yaleyale ambayo nchi zenye mipango hii zimekuwa zikiyajibu kwa zaidi ya miaka 100.

Kwanza tusafishe majina, maana hapo ndipo wazazi wengi tunapotelea. Huko ilikoanzia, mipango hii ina jina ambalo ukilitafsiri neno kwa neno unapata "elimu ya ushirika". Jaribu kulitamka hilo Tandahimba uone. Mtu atadhani unazungumzia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya wakulima, mnada wa korosho na malipo ya TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, au atakuuliza ulimaliza lini Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kwa hiyo humu nitasema tu "masomo ya darasani na kazini". Maana yake ni hii: mwanafunzi bado jina lake liko kwenye rejista ya shule, sehemu ya muda wake wa masomo anaitumia mahali pa kazi, na anachojifunza huko kinaingia kwenye alama zake. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika kwetu. Kama anayoyafanya gereji hayahesabiwi popote, shule imempa ruhusa ya kwenda gereji, basi.

Fildi tunayoijua ni ya vyuo: mwanachuo wa miaka 20 na ushee anatafuta ofisi, anakaa wiki kadhaa, mkufunzi anapita kumkagua, anaandika ripoti. Uanagenzi ni kitu kingine. Mwanagenzi ni wa karakana kwanza. Ana mkataba wa muda mrefu, anaingia darasani siku chache, na mwisho anapimwa kama fundi. Utarajali ni wa aliyekwisha kuhitimu na anatafuta uzoefu. Kisha kuna "kwenda kwa fundi", chuo kikubwa kuliko vyote nchini, kisicho na jengo wala cheti. Na kuna kibarua, ambacho kila mtu anakijua.

Amali, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono, nayo imeongeza mkanganyiko. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10 na kuigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mkondo wa amali ulianza Januari 2024 kwenye shule chache zilizochaguliwa, na kundi la kwanza litafika kidato cha nne 2027. Masomo ya jumla yanapimwa na Baraza la Mitihani, fani inapimwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Nimesikia mzazi akisema, "Mwanangu yuko amali, kwa hiyo atapelekwa viwandani." Si lazima. Amali ni mkondo wa masomo. Shule yenye karakana nzuri inaweza kuifundisha yote ndani ya uzio wake, na shule isiyo na karakana inaweza kuifundisha ubaoni, Mungu atusamehe. Kumtoa mtoto nje ya uzio ni uamuzi mwingine, wenye kazi yake na gharama zake.

Wala si mara yetu ya kwanza kujaribu. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa 1967, shule zikapata mashamba. Miaka ya 1970 zikaja sekondari zenye michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Mtwara Ufundi ilikuwepo na ipo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, na huku kwetu tunavyo Masasi, Newala na Mtawanya, na upande wa Lindi kuna Chilala na Kilwa Masoko. Azimio la Musoma la 1974 lilikwenda mbali zaidi: mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa afanye kazi kwanza, aliko kazini wamwandikie ripoti nzuri, ndipo aombe chuo kikuu. Wazee waliopitia utaratibu ule wanausimulia kwa hisia mbili, fahari na manung'uniko, na ninaamini zote mbili ni za kweli.

Sasa twende kwenye asili. Mwaka 1906 mwalimu wa uhandisi aitwaye Herman Schneider, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, alianza na wanafunzi 27 waliokuwa wakipokezana zamu kati ya darasa na kiwanda. Miaka miwili baadaye, 1908, mji wa Fitchburg katika jimbo la Massachusetts uliuleta mpango huo sekondari. Wavulana waligawanywa wawiliwawili. Wiki hii mmoja yuko darasani, mwenzake yuko kiwandani. Wiki ijayo wanabadilishana. Mwenye kiwanda hakubaki na mashine isiyo na mtu hata siku moja, na shule haikupoteza mwanafunzi.

Mpango huo wa wawiliwawili umenikaa kichwani kuliko kitu kingine chochote nilichosoma. Malalamiko ya mafundi wetu ni kwamba kijana wa shule anakuja wiki nne, anaanza kushika spana vizuri, likizo inaisha, anapotea. Mbinu ya Fitchburg inalijibu hilo bila fedha wala mradi: nafasi moja, watoto wawili, mwaka mzima. Ipo pia sura yake ya kisasa. Chicago, 1996, Wajesuiti walifungua sekondari ya Cristo Rey kwa watoto wa familia zisizo na uwezo. Wanafunzi wanne wanagawana kazi moja ya ofisini, kila mmoja siku tano kwa mwezi, na malipo ya kazi hiyo yanakwenda kwenye ada. Leo mtandao huo una shule zaidi ya 30. Nikisoma habari hiyo nilifikiria Ndanda, ambako Wabenediktini wana karakana zilizolea mafundi wa kusini kwa vizazi, karibu kabisa na sekondari.

Wajerumani wana njia yao, na tusiichanganye na hii. Kwao kijana anasaini mkataba na kampuni, si na shule. Anashinda kazini siku tatu au nne za wiki, shule ya ufundi siku moja au mbili, kwa miaka kati ya miwili na mitatu na nusu. Sheria yao ya mafunzo ya ufundi ni ya 1969. Mfumo wao unasimama kwa sababu vyama rasmi vya wafanyabiashara na vya mafundi ndivyo vinavyotahini na kutoa vyeti, na waajiri wamekubali kubeba gharama. Kila msafara wa wataalamu unaorudi kutoka Ujerumani unatuambia tuige. Naomba tuulize kwanza: huku kwetu ni chama gani cha mafundi gereji kingekaa kumtahini kijana?

Kinachofanana zaidi na hali ya mpwa wangu ni utaratibu wa jimbo la Ontario, Canada. Kule mwanafunzi wa sekondari anahitaji krediti 30, yaani alama za kozi alizofaulu, kupata diploma yake ya kumaliza sekondari. Anaweza kuchukua krediti kadhaa kwa njia ya kazini, na kila krediti inasimama kwa saa 110. Kabla ya kwenda, anafundishwa darasani mambo ya usalama, haki zake na adabu za kazi. Shule ina mwalimu ambaye kazi yake ni hiyo: kutafuta nafasi, kuzikagua, kumtembelea mwanafunzi akiwa kazini, kuzungumza na msimamizi, kutoa alama. Kwa kawaida mwanafunzi halipwi, lakini akiumia anakuwa ndani ya bima ya ajali za kazini ambayo kwa mafunzo hayo yasiyolipwa inasimamiwa na Wizara ya Elimu. Kuna fomu ya makubaliano inayosainiwa kabla hajakanyaga eneo la kazi, na kuna mpango wa kujifunza unaosema atafanya nini.

Ukiyalinganisha hayo na maswali ya fundi, utaona kila swali limewekewa karatasi. Nimfundishe nini? Mpango wa kujifunza. Akiumia? Fomu ya makubaliano na bima. Atakula kwa nani? Hilo nalo linaandikwa, hata kama jibu ni "kwao".

Hapa mtu ataniambia Canada ni Canada. Kweli. Lakini sheria zetu wenyewe zinadai karibu mambo hayohayo, ila hatuzifungui. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefika 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya na isiyomzuia kuhudhuria masomo. Aliye chini ya 18 haruhusiwi mgodini, kiwandani, kwenye chombo cha majini kama baharia, wala sehemu nyingine yoyote ya kazi yenye mazingira ya hatari, shambani kukiwemo. Wengi husoma mpaka hapo na kufunga kitabu. Endelea kidogo: kifungu hichohicho kinaacha mlango kwa sheria zinazosimamia mafunzo kumruhusu kijana wa umri huo kuwa kiwandani, mgodini au kwenye meli ya mafunzo ikiwa kazi hiyo ni sehemu ya mafunzo yake. Na kwa sehemu nyingine za kazi, sharti ni afya, usalama na maadili yake vilindwe, na awe amepata au anapata mafunzo mahususi ya kazi hiyo.

Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo ina sehemu nzima kuhusu mtoto anayejifunza kwa fundi katika sekta isiyo rasmi. Umri ni miaka 14 na kuendelea, kunatakiwa makubaliano kati ya fundi na mzazi au mlezi, na fundi ana wajibu wa kumfundisha na kumweka mahali salama. Sheria hiyo inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inahesabu kazi ya zaidi ya saa 6 kwa siku kuwa ni unyonyaji. Ukimpeleka binti wa kidato cha tatu kwenye jiko la hoteli au kijana kwenye mwalo wa samaki, saa hizo ni za kuandikwa kwa herufi kubwa.

Wamarekani, waliolianzisha jambo hili, wana kipengele kinachoshabihiana na cha kwetu. Kwa baadhi ya kazi zilizoorodheshwa kuwa hatari, mwanafunzi wa miaka 16 au 17 aliye kwenye mpango wa shule anaruhusiwa kuzigusa, mradi pawe na mkataba wa maandishi unaosema mambo manne: kazi ya hatari ni sehemu ndogo ya mafunzo yake; inafanywa kwa vipindi vifupi na mtu mwenye ujuzi akiwa pembeni; shule na mwajiri wanamfundisha usalama; na kuna ratiba ya hatua za kazi zinazopanda ngazi moja baada ya nyingine. Sikuona sababu ya fundi wa Mtwara kushindwa kuyatimiza manne hayo. Nilichokosa kwenye ile barua ni mtu wa kuyaandika.

Basi nikakaa na mpwa wangu, na rafiki yangu mmoja anayefundisha ufundi, tukajaribu kuiandika ratiba ya gereji ile. Nasimulia kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo maneno makubwa yanapoanza kushika spana.

Mwezi wa 6 huku ni msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho. Gereji za pikipiki hujaa mashine za kupulizia ambazo zimelala stoo tangu mwaka jana: kabureta imeganda, plagi nyeusi tii, kamba ya kuwashia imekatika. Mashine nyingi za namna hiyo ni za mipigo miwili, petroli yake inachanganywa na oili kwa kipimo, na mkulima akikosea kipimo anaua pistoni. Pikipiki za bodaboda ni za mipigo minne, oili yake inakaa kivyake. Kijana akizielewa injini hizo mbili, na akaweza kueleza kwa nini moja inakunywa oili pamoja na petroli na nyingine haiinywi, fizikia ya kidato cha tatu imeshaingia bila kugonga.

Tukaandika hivi. Wiki ya kwanza hatagusa injini inayowaka. Atajifunza majina ya vifaa, mahali pa kuviweka, kuosha vipuri, na kwa nini petroli haikai karibu na mahali pa kuchomelea. Wiki ya pili ni plagi, chujio la hewa, kumwaga oili na kukaza cheni, kila kimoja atakiona kikifanywa mara mbili kabla ya kukifanya mwenyewe. Wiki ya tatu ni kabureta: kuifungua, kuisafisha, kuirudisha, na kama ikigoma aseme kwa nini anadhani imegoma. Wiki ya nne ni breki na klachi, fundi akiwa amesimama pale. Kila jioni anaandika kwenye daftari mistari mitatu: nilichofanya, nilichoharibu, nilichouliza. Ijumaa fundi anasaini. Mwalimu anafika mara mbili, siku asizotarajiwa.

Rafiki yangu mwalimu alikwaruza maneno "nilichoharibu" akasema yatamtia kijana woga. Niliyarudisha.

Utaona hatukuandika popote "kusaidia kazi ndogondogo". Maneno hayo ndiyo mlango wa kibarua. Nina kijana mwingine wa jamaa yangu aliyekwenda gereji, miaka kadhaa nyuma, kwa barua kama ile. Miezi mitatu alifua nguo za mafundi, akaenda kununua chai na kuosha magari ya wateja. Alirudi akijua bei ya chapati za mama lishe wote wa mtaa ule.

Suala la muda nalo lina fundo lake. Kalenda yetu ya shule ina pengo ambalo hakuna nchi nilizozitaja inayolo. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Katikati kuna miezi saba na kitu ya kukaa nyumbani kusubiri matokeo na kisha kusubiri kupangiwa shule. Kwa Mtwara na Lindi pengo hilo linaanza wakati minnada ya korosho imepamba moto na maghala yanahitaji watu wa kupima, kuandika, kupanga magunia na kuangalia ubora. Vijana wanaingia huko kila mwaka, kwa kujuana, bila karatasi. Tatizo ni kwamba shule inakuwa imeshawaaga. Hawana mwalimu wa kuwatembelea wala alama ya kuingizwa, kwa hiyo kwa maana halisi ya darasani na kazini, hao wameshatoka nje ya mpango. Shule ikiacha rejista wazi mpaka Machi, ikampa mwalimu mmoja kazi ya kuwafuatilia, pengo hilo lingekuwa muhula mzuri kuliko yote. Hilo ni wazo langu, halimo kwenye sera.

Nafasi zenyewe ziko wapi? Watu hukimbilia kutaja majina makubwa. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichofunguliwa 2015. Mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba. Bandari ya Mtwara. Huko Lindi, mradi wa kusindika gesi wa Likong'o ambao tumeusubiri mpaka waliozaliwa tukiusubiri wameanza shule, na madini ya kinywe (grafiti) ya Ruangwa. Mimi nasema tuwe na kiasi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Ilipofika 2013, mwaka wa vurugu za bomba la kwenda Dar es Salaam, vijana wengi hapa walikuwa wameshaambiwa Mtwara itageuka Dubai. Bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 lilijengwa, likakamilika, wachomeleaji na wasaidizi wakarudi nyumbani. Mtambo ukishawaka unataka watu wachache wenye ujuzi wa juu. Mpango wa wanafunzi unaotegemea ujenzi wa mradi mkubwa unakufa siku utepe unapokatwa.

Nafasi za kudumu ziko chini zaidi ya hapo: gereji, mafundi friji ambao kwenye joto la pwani hawakosi kazi, wachomeleaji wa milango, karakana za SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, maghala ya vyama vya msingi, mashine za kubangua korosho, duka la dawa za mifugo, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, mafundi wa boti Mikindani na Kilwa. Shirika la kujitolea la kutoka nje halihitajiki kuzitafuta. Anahitajika mwalimu mwenye baiskeli na orodha.

Kwa wasichana kuna la kusema ambalo huwa halisemwi. Akipelekwa popote, ni cherehani au saluni. Sina ugomvi na cherehani. Lakini binti anayesoma fani ya umeme anapopelekwa kushona kwa sababu "huko ni salama", shule imekwepa kazi ya kukagua mahali pa umeme. Usalama wake ni jambo la kuulizia kwa jina: nani mwingine anakuwepo pale mchana, choo kiko wapi, anaondoka saa ngapi, akipata tatizo anampigia nani asiyefanya kazi pale.

Tukirudi kwenye chakula na nauli, tunafika kwenye fedha. Waajiri wa sekta binafsi wenye wafanyakazi 10 au zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara. Ukimwendea meneja kumwomba nafasi ya mwanafunzi, jibu lake la kwanza mara nyingi ni kwamba ameshachangia mafunzo kupitia tozo hiyo. Ana haki ya kusema hivyo. Upande wa pili, gereji yenye mafundi watatu hailipi tozo, na hainufaiki nayo. Ukiziweka pande hizo mbili pamoja unauona mkwamo: wenye fedha wana mazingira ambayo sheria inaogopa kumwingiza mtoto wa miaka 16, na wenye nafasi ya kumpokea hawana mtu wa kuwafidia spana itakayovunjika. Kama kuna mahali pa halmashauri kuingiza mkono, ni hapo, kwa kitu kidogo tu: viatu vya usalama, miwani ya kuchomelea, nauli. Kwa upande wa ajali, mzazi aulize swali moja kabla ya kusaini chochote: jina la mwanangu limeandikishwa kwenye bima ipi, na nani atampeleka hospitali ya Ligula?

Baada ya shule, kutafutiwa kazi ni idara nyingine. Serikali ina TaESA, chombo cha huduma za ajira kinachounganisha watafuta kazi na waajiri, na ofisi ya kazi na ajira imekuwa ikiendesha programu za uanagenzi na utarajali. Kwa aliyejifunza kwa fundi bila cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa anachokijua, anajaziwa anachokikosa, anapewa cheti. Huo ni mlango mzuri kwa walioachwa nje, na hapo daftari lenye saini za kila Ijumaa lina thamani kuliko barua ya sifa. Lakini shule isimwahidi mzazi ajira. Ontario yenyewe haiahidi. Inachoahidi ni kwamba kijana atakapomaliza atakuwa anajua anachokitaka, na mara nyingine kilicho muhimu zaidi, asichokitaka. Wapo waliokwenda wiki nne kwenye maabara ya hospitali wakagundua hawawezi kuona damu. Hao wameokoa ada ya miaka mitatu.

Ile ratiba yetu tuliichapa upande mmoja wa karatasi. Upande wa pili tukaweka makubaliano: saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, chakula anakuja nacho, hatatumwa nje ya gereji akiendesha pikipiki ya mteja, shule na mimi tutapigiwa simu lolote likitokea. Mkuu wa shule alisaini na kupiga muhuri. Bima haikupatikana, tuliandika hivyohivyo kwamba haikupatikana, na kwamba matibabu ni juu ya familia. Sikufurahia kuandika mstari ule.

Fundi aliusoma upande wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Akaomba kalamu. Nilidhani anasaini, kumbe anaongeza kipengele chake chini kabisa, kwa herufi kubwa: ASIJE NA NDALA.

Ndipo akasaini.